Spektra moja haitoshi: fuwele lazima izungushwe

Ripoti nyingi kuhusu sumaku katika fuwele huwa na mchoro mmoja wa resonansi ya spini ya elektroni, ambayo wengi huiita ESR. Mchoro una mstari mmoja wenye kilima na bonde, chini yake pameandikwa g = 2.1 na neno "parasumaku", kisha ripoti inaruka kwenda kwenye vipimo vingine. Mchoro huo hauongopi, ila hausemi jambo ambalo sumakumita ya kawaida, kifaa kinachopima jumla ya sumaku ya sampuli, isingelisema. Kifaa cha ESR kinaweza kueleza ni ayoni gani inayobeba sumaku, imekaa katika nafasi ngapi tofauti ndani ya fuwele, majirani zake wamejipanga kwa umbo gani, na inaingiliana na ayoni mwenzake kwa nishati ndogo kiasi gani. Kukitumia kujibu ndiyo au hapana ni kukitumia chini ya uwezo wake.

Mstari mmoja peke yake una taarifa chache mno. Taarifa zimo katika namna mstari unavyohama fuwele ikigeuzwa, masafa ya mawimbi yakibadilishwa, na jotoridi likishushwa. Kati ya hayo matatu, kugeuza fuwele ndiko kunakohitaji vifaa vichache zaidi, na ndiko kunakorukwa mara nyingi zaidi.

Msingi wa kipimo ni mfupi. Elektroni isiyo na mwenza hubeba momenti ya sumaku itokanayo na spini yake, na ndani ya uga wa sumaku ngazi yake ya nishati hugawanyika mara mbili. Pengo kati ya ngazi hizo hukua kadiri uga unavyokua. Mawimbi ya maikro hupigwa kwa masafa yasiyobadilika huku uga ukipandishwa taratibu, na pengo likilingana na nishati ya wimbi, elektroni hufyonza. Kupata g, namba inayoonyesha pengo hilo hukua kwa kasi gani kadiri uga unavyokua, zidisha 71.4477 kwa masafa katika gigahezi, kisha gawanya kwa uga katika militesla. Kwa elektroni huru, ambayo g yake ni 2.0023, kifaa cha gigahezi 9.5 kitaonyesha ufyonzaji kwenye militesla 339.0. Yevgeny Zavoisky ndiye aliyeuona ufyonzaji wa aina hii kwanza, mjini Kazan mwaka 1944, akitumia chumvi za metali kama shaba na manganizi na masafa ya chini sana kuliko tuliyozoea leo.

Elektroni iliyo ndani ya fuwele haiko huru. Mzunguko wake kwenye atomi huchanganyika na spini, na mzunguko huo wenyewe hubanwa na chaji za atomi jirani. Ndiyo maana g ya fuwele si namba moja bali ni tensa, yaani thamani yake hutegemea uga unaipiga fuwele kutoka upande gani. Chukua ayoni ya shaba, Cu²⁺, iliyozungukwa na oksijeni sita, mbili zikiwa mbali kuliko nyingine nne. Kwa kawaida g yake kwenye mhimili mrefu hukaribia 2.40, na kwenye bapa la zile nne hukaribia 2.08. Kwenye gigahezi 9.5, mstari wa kwanza uko militesla 283 na wa pili 326. Kugeuza fuwele nyuzi 90 kunauhamisha mstari militesla 43, umbali ambao hakuna kifaa kibovu kiasi cha kutouona.

Fuwele hiyo ikisagwa kuwa unga, pande zote hujitokeza kwa pamoja. Kingo za spektra bado zitaonyesha 2.40 na 2.08 endapo mistari ni myembamba, lakini hakuna tena njia ya kujua 2.40 ilielekea wapi ndani ya fuwele. Mwelekeo huo ndio unaosema ni oksijeni zipi zilizovutwa mbali, na kwa hiyo obiti ipi ya shaba ndiyo inayobeba spini. Anayesaga fuwele nzuri ya milimita 2 ili "kupata wastani" anatupa sehemu bora ya data yake.

Kuipandisha fuwele

Kazi hii hushinda au hushindwa kabla uga haujawashwa. Fuwele inayofaa kaviti ya gigahezi 9.5, yaani kisanduku cha metali kinachokusanya mawimbi kwenye sampuli, ni ya milimita 1 hadi 3 kila upande, isiyo na nyufa, na yenye nyuso zinazotambulika. Fuwele mbili zilizoshikana zitatoa seti mbili za mistari, na mtafiti anaweza kuzidhani ni nafasi mbili za ayoni. Itazame kwanza kwa darubini yenye mwanga wa polaraizi: fuwele moja safi huzimika yote kwa pamoja inapozungushwa, ilhali iliyoshikana huzimika vipande vipande. Fuwele za ulinganifu wa mchemraba hazitoi jibu katika jaribio hili, kwa sababu hubaki giza wakati wote. Mwelekeo wa mihimili huthibitishwa kwa eksirei. Kutegemea umbo la nje pekee kunakubalika kwa chumvi ambazo nyuso zake zimekwisha kuelezwa vizuri.

Fuwele hubandikwa kwa tone dogo la grisi ya vakyumu kwenye ncha ya fimbo ya kwatzi, na fimbo hushikwa na goniometa yenye alama za digrii. Njia bora ni kuibandika kwenye mchemraba mdogo wa plastiki au kwatzi wa milimita 3 hivi, ili baada ya mzunguko wa kwanza mchemraba ugeuzwe upande bila kuigusa fuwele yenyewe. Kioo cha kawaida kisitumike, kwani kina chuma, na Fe³⁺ iliyomo hutoa mstari kwenye g ya 4.3, ambayo kwa gigahezi 9.5 ni militesla 158. Mistari ya namna hiyo imekwisha kuandikwa kama ugunduzi zaidi ya mara moja. Kabla ya kuweka fuwele, pima kaviti tupu, kisha fimbo pamoja na grisi, na uzihifadhi spektra hizo mbili.

Mzunguko hufanywa katika mabapa matatu yanayokutana kwa pembe mraba, kwa hatua za nyuzi 5, kuanzia 0 hadi 180. Hatua za nyuzi 10 zinatosha pale mistari michache inapotembea polepole. Katika kila bapa, mraba wa g hufuata umbo rahisi: namba moja isiyobadilika, jumlisha namba ya pili mara kosini ya pembe maradufu, jumlisha namba ya tatu mara saini ya pembe maradufu. Mabapa matatu yanatoa namba 9, na tensa ya mraba wa g ina namba 6 tu zisizojulikana. Ziada hiyo ya namba tatu si anasa. Kila mhimili wa maabara umo katika mabapa mawili, kwa hiyo g kwenye mhimili huo hupimwa mara mbili. Zikitofautiana kuliko kosa la kipimo, fuwele ilipinda wakati wa kubandikwa upya, na kazi irudiwe.

Watu wengi huhangaikia kosa lisilo kubwa. Kosa la megahezi 1 katika masafa ya gigahezi 9.5 hubadilisha g kwa 0.0002. Kosa la militesla 0.1 katika uga hubadilisha g kwa 0.0006. Kosa la digrii moja katika pembe, kwa shaba tuliyoitaja hapo juu, hubadilisha g kwa karibu 0.0056 katikati ya njia kutoka mhimili hadi mhimili, yaani mara tisa ya kosa la uga. Kwenye mhimili wenyewe mkunjo ni bapa na kosa la digrii moja halidhuru. Kwa hiyo thamani za g kwenye mihimili mikuu hutoka vizuri hata kwa goniometa hafifu, huku mielekeo ya mihimili hiyo ikiwa imekosewa digrii 3 au 4 bila mtu kujua. Ripoti inayotoa g kwa tarakimu tano na haitaji kosa la pembe haijaeleza kosa lake kubwa kuliko yote.

Alama ya namba ya tatu, ile ya saini, hubadilika ikiwa fuwele ilizungushwa kinyume na ilivyodhaniwa. Andika mwelekeo wa mzunguko kila mara, ukionekana kutoka juu. Fuwele ikiwa na nafasi mbili za ayoni, kuna mtego mwingine: mkunjo A katika bapa la kwanza unaweza kuwa wa nafasi ileile ya mkunjo B katika bapa la pili, na mabapa matatu peke yake hayamalizi utata huo. Dawa yake ni mzunguko wa nne katika bapa la mshazari. Nusu siku ya kazi, na utata unaisha.

Chumvi ya kujifunzia

Kwa anayeanza, hakuna fuwele bora kuliko chumvi ya Tutton ya zinki, yaani salfeti mbili zilizoganda pamoja na maji katika fuwele moja, iliyotiwa shaba kidogo. Changanya gramu 28.8 za salfeti ya zinki yenye maji saba na gramu 13.2 za salfeti ya amonia, kila moja ikiwa moli 0.1, kisha ongeza gramu 0.125 za salfeti ya shaba yenye maji matano. Hiyo ni asilimia 0.5 ya zinki. Yeyusha katika maji moto yaliyosafishwa, chuja, funika kwa karatasi yenye matundu, na uache chombo mahali pasipotikisika ili maji yapungue polepole. Kiasi cha shaba kilichomo kwenye maji hakiwi lazima kiasi kitakachoingia katika fuwele. Asemaye "asilimia 0.5" kuhusu fuwele bila kuipima anataja mapishi tu.

Zinki haina elektroni isiyo na mwenza, ndiyo maana hutumika kutenganisha ayoni za shaba ili kila moja isikike peke yake. Kiini cha shaba kina spini 3/2, kwa hiyo kila nafasi hutoa mistari minne. Fuwele hii ni ya monokliniki, yaani mhimili wake b uko pembe mraba na mihimili a na c, ila a na c zenyewe hazikutani kwa pembe mraba, na kwa upande wa sumaku ina nafasi mbili tofauti kwa shaba, hivyo kwa mwelekeo wowote wa jumla inatazamiwa mistari minane. Uga ukielekezwa kwenye mhimili b, au ukilala popote ndani ya bapa la ac, nafasi mbili hulingana na mistari minane huungana kuwa minne. Hiki ni kipimo cha upangaji kilichozaliwa ndani ya fuwele yenyewe: mistari isipoungana sawasawa katika bapa la ac, bapa lako si la ac. Sogeza fuwele hadi iungane, ndipo uanze kupima.

Msomaji makini atagundua kwamba g na mgawanyiko wa mistari minne hubadilika jotoridi likishushwa kutoka la chumba hadi kelvini 77. Kifaa hakijaharibika. Oksijeni zinazoizunguka shaba hazikai tuli. Mhimili mrefu huruka kati ya pande zenye nishati zinazokaribiana, jambo linalofahamika kama athari ya Jahn na Teller, na katika joto la chumba spektra huona mchanganyiko wa pande hizo. Kulinganisha g ya kelvini 300 ya maabara moja na g ya kelvini 77 ya nyingine, kisha kudai kuna "tofauti ya sampuli", ni kosa linaloepukika kwa kuandika jotoridi pembeni ya kila thamani.

Rubi, au pale hesabu ya g inapovunjika

Fomula ya 71.4477 hufanya kazi ya moja kwa moja pale spini ni nusu. Ayoni yenye elektroni tatu au tano zisizo na wenza hugawanya ngazi zake hata kabla uga haujawashwa. Rubi, yaani oksidi ya alumini yenye kromiamu kidogo, ni somo zuri kwa kuwa ni ngumu, haikauki na hupatikana ikiwa safi. Cr³⁺ ndani yake ina spini 3/2, g ya 1.984 kwenye mhimili c, na ngazi zake zimetenganishwa na gigahezi 11.5 pasipo uga wowote. Wimbi la gigahezi 9.5 halifikii hata pengo hilo la mwanzo.

Uga ukiwa sambamba na mhimili c, hesabu inatoa mistari mikuu mitatu: karibu militesla 71, 342 na 755. Anayeitia namba ya kwanza kwenye fomula atapata g ya 9.6, na ya tatu itampa 0.90. Zote mbili hazina maana yoyote. Mstari wa 342 peke yake ndio unaotoa g ya kweli, na huo huo ndio usiosema chochote kuhusu pengo la gigahezi 11.5. Anayefagia uga kati ya militesla 250 na 450, kwa sababu "hapo ndipo g ya 2 inapokaa", atapata mstari mmoja safi, ataridhika, na hatajua kwamba fuwele ina anisotropia, yaani mgawanyiko wa ngazi unaofungwa na mwelekeo wa fuwele, kubwa kuliko nishati ya wimbi lake. Fuwele yoyote isiyojulikana ifagiwe kwanza kutoka karibu sifuri hadi mwisho wa uwezo wa sumaku, hata kama ni kwa haraka na kwa kelele.

Ngazi hizi za rubi ndizo zilizotumika kutengeneza maza, vikuza-mawimbi vyenye kelele ndogo sana. Arno Penzias na Robert Wilson walitumia maza ya rubi katika antena yao mwaka 1964 walipokutana na mnururisho uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu. Wabunifu wa maza walihitaji kujua ngazi zilihamia wapi kwa kila pembe kati ya uga na mhimili c, na ni mizunguko ya fuwele iliyowapa majedwali hayo.

Ayoni zinapoingiliana

Kila kilichosemwa hadi hapa kinahusu ayoni zilizotenganishwa. Fuwele iliyojaa ayoni za sumaku ni habari nyingine, na hapa ndipo ESR inapoipita sumakumita kwa mbali. Chukua fuwele yenye nafasi mbili za shaba ambazo g zake, kwa mwelekeo fulani, zinatofautiana kwa 0.3. Kwenye gigahezi 9.5, mistari yao ingetengana kwa karibu gigahezi 1.3. Ayoni za nafasi hizo mbili zikibadilishana spini kwa kasi kuliko hiyo, mistari huungana kuwa mmoja katikati. Zikibadilishana polepole zaidi, hubaki miwili. Gigahezi 1.3 ni sawa na nishati ya kelvini 0.06. Ukirudia kipimo kwenye gigahezi 34, utengano unakuwa gigahezi 4.6, yaani kelvini 0.22. Fuwele inayoonyesha mstari mmoja kwenye 9.5 na miwili kwenye 34 imekwambia kwamba mwingiliano kati ya nafasi hizo uko mahali fulani kati ya kelvini 0.06 na 0.22. Sumakumita inayofika kelvini 2 haiwezi kuona kitu kidogo namna hiyo.

Mwingiliano huo huo hubadilisha upana wa mstari kwa namna inayowashangaza wengi. Sumaku ndogo zilizosongamana zinapaswa kuvurugana na kuupanua mstari. Lakini mwingiliano wa kubadilishana ukiwa na nguvu, mvurugano hujifuta wenyewe kwa kasi ya mabadiliko, na mstari hubana. Kanuni ya kukadiria ni upana wa mvurugano kwa mraba, gawanya kwa uga wa kubadilishana. Mvurugano wa militesla 50 pamoja na uga wa kubadilishana wa tesla 1 hutoa mstari wa militesla 2.5 tu. Mistari minne ya kiini cha shaba nayo humezwa. Kwa hiyo mstari mwembamba usio na mgawanyiko si dalili ya ayoni zilizokaa mbali na wenzao. Mara nyingi ni kinyume chake.

Pembe inarudi tena hapa. Katika fuwele ambazo ayoni zimepangwa kama mnyororo, mfano chumvi iitwayo kwa kifupi TMMC, yenye minyororo ya manganizi, spini husambaa kwa shida kwa kuwa njia ni moja tu, na ubanaji haukamiliki. Umbo la mstari huacha kuwa la Lorentz, lile umbo la kawaida lenye kilele chembamba na mikia mirefu, na upana wake hufuata mara tatu ya kosini mraba ya pembe, toa moja, yote kwa kipeo cha 4/3. Kwenye nyuzi 54.7 kutoka mhimili wa mnyororo, usemi huo ni sifuri, na mstari hurudi kuwa mwembamba wenye umbo la Lorentz. Mzunguko mmoja wa fuwele unaonyesha kwamba sumaku yake ni ya kipimo kimoja. Katika unga, alama hiyo hupotea.

Jotoridi nalo lina hadithi yake. Eneo lililo chini ya mstari wa ufyonzaji hulingana na kiwango cha kusumakika cha zile spini zinazotoa mstari huo, bila kuchanganya uchafu wenye g tofauti. Katika CuGeO₃, oksidi ya shaba na jermani, eneo hilo hushuka kwa kasi chini ya kelvini 14, pale spini za shaba zinapofungamana jozi jozi. Katika MnF₂, floridi ya manganizi, mstari hupanuka na kutoweka unapokaribia kelvini 67, kwa sababu spini hujipanga kinyume kwa kinyume na resonansi hurukia masafa ya juu mno, karibu gigahezi 260 pasipo uga. Kutoweka kwa mstari kwenye kifaa cha 9.5 hakumaanishi kwamba sumaku imekwisha.

Hesabu ya eneo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kifaa hurekodi mteremko wa ufyonzaji, kwa hiyo eneo hupatikana kwa kujumlisha mara mbili. Mstari wa Lorentz una mikia mirefu. Ukifagia mara tano ya upana wa kilima hadi bonde kila upande wa kitovu, asilimia 11 ya eneo imebaki nje, na programu inayoanza hesabu kwa sifuri kwenye ukingo hukata asilimia nyingine 11. Jotoridi likishuka na mstari ukapanuka huku eneo la uga linalofagiwa limebaki lilelile, hasara hukua, na mtafiti anaona "kupungua kwa sumaku" kulikotengenezwa na ukingo wa mchoro. Linganisha umbo la Lorentz na data, kisha hesabu eneo kutoka kwenye umbo hilo.

Mipangilio mingine ni ya kawaida ila haisameheki ikikosewa. Modulesheni ya uga, yaani mtikisiko mdogo ambao kifaa huutia kwenye uga ili kurekodi mteremko, isizidi sehemu moja ya tano ya upana wa mstari. Ikizidi, mstari hupanuliwa na kifaa chenyewe. Punguza nguvu ya mawimbi mara nne, na ishara ishuke kwa nusu. Ikishuka kwa chini ya nusu, mstari ulikuwa umeshiba, yaani spini zilikuwa zimezidiwa na nguvu ya mawimbi. Ukifagia militesla 100 kwa sekunde 200, mstari wa militesla 1 hupita kwa sekunde 2, basi muda wa kichujio usizidi sekunde 0.2. Masafa yasomwe upya kwa kila pembe na kila jotoridi, kwani kaviti huhama inapopoa. Uga usahihishwe kwa punje ya DPPH, kemikali ya kulinganishia yenye g ya 2.0036, ikiwekwa karibu na fuwele. Chumvi zenye maji zisinyonywe kwa pampu ya vakyumu: hupoteza maji, huwa nyeupe na kupasuka, na fuwele uliyoipanga kwa saa mbili inageuka unga ndani ya kaviti.

Fuwele zinazopitisha umeme zina utata wake. Mawimbi hayazami ndani ya metali zaidi ya takriban mikromita moja kwa masafa haya, na mstari hupinda: kilima kikubwa, bonde dogo, kwa uwiano unaoweza kufika karibu 2.5. Kosa la kuirekebisha kaviti ilingane na mawimbi nalo hutoa upinde unaofanana kabisa na huo. Kuzitofautisha, saga kipande cha fuwele kiwe chembe ndogo kuliko kina hicho na uchanganye na nta ya parafini. Upinde ukitoweka, ulikuwa wa fuwele. Ukibaki, tafuta kosa kwenye daraja la mawimbi, sehemu ya kifaa inayotuma na kupokea mawimbi ya maikro. Hii ni mojawapo ya sababu chache nzuri za kusaga.

Programu za kuiga spektra, kama EasySpin, zimerahisisha hesabu zilizokuwa zikichukua wiki, na hakuna sababu ya kurudi nyuma. Ila programu yenye vigezo 8 huru italingana na mstari mmoja wa unga kwa njia nyingi, na kila njia itapendeza kwenye mchoro. Vigezo vilevile vikilazimishwa kufuata spektra 37 za bapa moja, kutoka nyuzi 0 hadi 180, kisha mabapa mengine mawili, nafasi ya kudanganyika huwa ndogo sana. Mhakiki wa jarida anayepokea kigezo cha anisotropia kilichotolewa kwenye mstari mmoja wa unga ana haki ya kuomba jambo moja kabla ya kusoma zaidi: jedwali la pembe, na pembeni ya kila pembe, uga na masafa yaliyosomwa wakati huo.

Ni²⁺ ni mfano ambapo hata hilo halitoshi. Anisotropia yake mara nyingi huwa ya gigahezi nyingi kiasi kwamba kifaa cha 9.5 hakioni kitu, fuwele igeuzwe itakavyo. Hapo maabara yenye gigahezi 94 au zaidi, na sumaku ya tesla kadhaa, ndiyo njia. Fuwele inayotumwa huko itumwe ikiwa na mihimili iliyokwisha kutambuliwa kwa eksirei na uso mmoja uliowekwa alama, kwa sababu muda wa kifaa hicho ni mchache na sehemu kubwa yake hupotea kwenye kutafuta upande wa juu wa fuwele.